Wasomaji Wauliza: Nyumba ya Pwani kwa Mwenye Kupenda Ndege

Barua tatu zilizotufikia kutoka Lubumbashi na Likasi zinauliza juu ya jambo moja: kukodi nyumba kando ya bahari, mahali ambapo mtu anaweza kutazama ndege bila kusafiri tena mbali kila asubuhi. Tumeziweka pamoja, na ya kwanza tumeipa nafasi kubwa zaidi kwa sababu jibu lake linazigusa zote.

Swali

Ndugu Mhariri, salamu kutoka Kamalondo. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari. Mume wangu na mimi, pamoja na watoto wetu watatu, tumeazimia kwenda kupumzika kwenye mwambao wa Bahari ya Hindi. Hatutaki hoteli, tunataka nyumba ya kupanga kwa juma moja, tujipikie wenyewe, na ndege wawe karibu. Jamaa yetu mmoja ametutajia Watamu, nchini Kenya. Je, ametushauri vyema? Twende mwezi gani, na tuchague nyumba ya namna gani? Nimetumiwa picha nyingi, nazo zote zinapendeza, ndiyo maana nashindwa kuamua.

Mama Mwalimu, Kamalondo

Jibu

Mama Mwalimu, jamaa yenu amewashauri vyema sana. Watamu ni mji mdogo ulio zaidi kidogo ya kilomita 100 kaskazini mwa Mombasa, kabla ya kufika Malindi, na sijui sehemu nyingine ya mwambao huo ambapo bahari ya wazi, hori (mkono wa bahari ulioingia nchi kavu) lenye mikoko na msitu wa asili vimekaribiana hivyo. Mbele ya mji kuna hifadhi ya bahari iliyotengwa tangu mwaka 1968. Nyuma yake kuna hori la Mida, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 32 za maji, matope na mikoko. Ukivuka barabara kuu iendayo Malindi, unaingia katika msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye takriban kilomita za mraba 420, ambao ndio msitu mkubwa kuliko yote iliyosalia ya aina ya misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki.

Picha za nyumba ziwekeni kando kwanza. Jambo litakaloamua kama juma lenu litakuwa la ndege au la kuutazama ufuko mtupu ni maji: yanapwa saa ngapi na kujaa saa ngapi katika siku mlizochagua. Sisi wa Katanga tumezoea maziwa na mito ambayo hupanda kwa majira ya mvua na kushuka wakati wa kiangazi. Bahari hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na katika mwambao wa Kenya tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3 nyakati za bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, maji yanapopanda na kushuka kuliko kawaida. Maana yake ni kwamba hori ambalo asubuhi ni tambarare ya matope yenye ndege wengi mno huweza kuwa maji matupu alasiri, na mgeni aliyefika saa hiyo huondoka akiamini kwamba amedanganywa.

Ndege wa matopeni, yaani vitwitwi, chamchanga, sululu na jamaa zao, hawafuati saa ya ukutani. Maji yakipwa hutawanyika mbali ili kutafuta kaa wadogo, minyoo na konokono waliomo katika matope, na hapo macho ya mtu, hata yakiwa na darubini, huona vitone tu. Maji yanapoanza kurudi, ukanda wa matope huwa mwembamba, na ndege husukumwa hatua kwa hatua kuelekea ukingoni ulikosimama wewe. Saa mbili au tatu hivi baada ya maji kuanza kupanda ndio wakati wa kuwa mahali pako, umetulia, umenyamaza. Yakishajaa kabisa, ndege husimama kwa makundi juu ya matuta ya mchanga au juu ya mikoko na kungoja.

Kwa kuwa wewe ni mwalimu wa sayansi, nitaeleza pia namna ya kukadiria saa hizo kwa kutazama mwezi. Katika mwambao ule, siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo siku tatu au nne baada ya mwezi mpevu, maji hupwa adhuhuri na kurudi taratibu alasiri nzima hadi jua linapozama, na hizo ndizo siku ninazowapendekezea: jua limelainika, watoto wamekwisha kulala kidogo baada ya chakula, na ndege wanakuja kwenu. Ndani ya hori maji huchelewa kidogo nyuma ya yale ya bahari ya wazi kwa sababu mlango wake ni mwembamba, basi ratiba ya maji ya Mombasa au ya Malindi isomeni mkilikumbuka hilo. Wavuvi wa Dabaso, kijiji kilicho kando ya hori, watawaambia saa kamili bila kutazama karatasi yoyote.

Sasa mwezi gani. Hapa likizo za shule zetu zinatuletea ugumu, na ni afadhali kuusema wazi. Likizo ndefu ya Kongo huangukia Julai na Agosti, ilhali ndege wa matopeni wengi ni wageni kutoka kaskazini, ambao huanza kurudi mwishoni mwa Agosti na kujaa kuanzia Oktoba hadi Machi. Hao ni wasafiri wa majira yale yale yanayotuletea mbayuwayu na keremkerem wa Ulaya hapa Lubumbashi mvua zinapoanza. Miongoni mwao kuna chamchanga wanaozaliana katika ardhi ya barafu ya Siberia, na kuna vitwitwi wa mchanga watokao katika nyika kavu za Asia ya Kati.

Yupo pia ndege ambaye peke yake angetosha kuwa sababu ya safari. Jina lake la kisayansi ni Dromas ardeola, na kwa kuwa chakula chake ni kaa, hapa nitamwita mla-kaa. Ni mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi usiofanana na wa ndege mwingine yeyote wa matopeni. Huzaliana katika fukwe za Uarabuni, Ghuba na Somalia, tena kwa namna ya ajabu: huchimba shimo mchangani na kutaga ndani yake yai moja jeupe, na kinda hubaki humo akiletewa chakula na wazazi. Baada ya hapo hushuka kusini, na Mida ni mojawapo ya mahali bora zaidi duniani pa kuwaona kwa mamia. Wanafunzi wako, ambao huenda wamekuuliza kwa nini mayai ya ndege wengi wa ardhini yana madoadoa, watafaidika na mfano huu wa yai lisilohitaji madoadoa kwa sababu hakuna jicho linaloliona.

Kwa hiyo mkiweza kwenda wakati wa Krismasi, ndege watakuwepo tele, pepo za kaskazi zitakuwa zinavuma, na bahari itakuwa safi. Lakini bei za nyumba wakati huo hupanda kuliko majira mengine yote, na nyumba nzuri hukodiwa miezi kadhaa kabla. Mimi ningewachagulia likizo ya Pasaka, hasa ikiangukia mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili. Wakati huo wasafiri wengi bado hawajaondoka, na kabla ya kuondoka hubadilisha manyoya: chamchanga waliokuwa wa kijivu tangu Oktoba huwa wekundu kama matofali, na mtu huelewa kwa nini vitabu vina picha mbili za ndege mmoja. Mvua za masika huweza kuanza, lakini kilele chake kwa kawaida ni Mei.

Na kama haiwezekani ila Julai au Agosti, msivunjike moyo, ila mbadilishe shabaha. Pepo za kusi zitakuwa na nguvu, bahari itachafuka na kutupa mwani ufukoni, na hori litakuwa na wageni wachache, wengi wao ndege wachanga ambao hawakurudi kaskazini. Lakini kwenye mlango wa mto Sabaki, upande wa kaskazini wa Malindi, hukusanyika katika miezi hiyo ndege wa Madagaska, Glareola ocularis, ambaye huzaliana kule kisiwani na kuja kwetu bara wakati kwao ni baridi. Karibu na Watamu kuna kisiwa kidogo cha mwamba kiitwacho Whale Island ambako buabua huzaliana majira hayo; watazameni kutoka kwenye mashua bila kushuka, kwa sababu mayai yao yako wazi juu ya mwamba na jua la dakika chache huyaua mzazi akifukuzwa.

Msitu nao una ndege mwaka mzima, na hapa mtu wa Katanga ana faida ambayo wageni wa Ulaya hawana. Sehemu moja ya Arabuko-Sokoke imejaa miti ya Brachystegia spiciformis, moja ya aina za miti ya miombo inayouzunguka mji wetu. Mtatembea chini ya majani mnayoyajua, lakini juu yake kuna ndege msiyempata kwingine: kwera wa Clarke, mwenye mgongo mweusi na tumbo la manjano, ambaye duniani kote anajulikana katika kaunti ya Kilifi tu. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua anajenga wapi kiota chake, hadi mwaka 2013 makoloni yake yalipoonekana katika maeneo ya majimaji ya Dakatcha, kaskazini zaidi.

Katika vichaka vizito vya ardhi nyekundu ya msitu huo huo anaishi bundi mdogo wa Sokoke, asiyefika sentimita 20 kwa urefu. Sayansi ilimtambua katika miaka ya 1960 tu, na zaidi ya hapo anajulikana kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania. Mchana hulala matawini, wa kijivu au wa rangi ya kutu, na waongozaji wa kituo cha msitu kilicho karibu na Gede hujua mti gani amechagua juma hilo. Mlipeni mwongozaji. Msijaribu kumtafuta wenyewe, na msikubali mtu yeyote amchezee sauti ya bundi kwenye simu ili kumwamsha. Ndege anayeitwa kila siku na mpinzani asiyekuwepo hupoteza nguvu anazohitaji usiku. Watoto pia watapenda kumtafuta sange mwenye kiuno cha manjano, mnyama mdogo mwenye pua ndefu anayekimbia kwenye majani makavu kwa kelele kubwa kuliko mwili wake.

Turudi kwenye nyumba. Watamu imekaa juu ya ulimi wa ardhi kati ya bahari na hori, na barabara yake hushuka kusini hadi mlango wa hori. Nyumba zilizo sehemu hiyo ya kusini ndizo ningetazama kwanza, hata kama bustani zake si kubwa na bwawa la kuogelea halipo, kwa sababu mnaweza kufika hori kwa miguu au kwa tuktuk ya dakika chache maji yanapogeuka. Nyumba iliyo mbali, hata ikiwa ya fahari, itawafanya mngojee gari huku maji yakipanda.

Kabla ya kulipa chochote, ulizeni kwa maandishi mambo ambayo picha hazionyeshi. Maji ya bomba ni matamu au ya chumvi? Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi, na mtahitaji kununua ya kunywa na ya kupikia. Kila kitanda kina chandarua? Umeme ukikatika kuna jenereta, na mafuta yake analipa nani? Mpishi na mlinzi wamo katika bei au mnawalipa wenyewe? Nyumba nyingi za pwani hupangishwa pamoja na mpishi, na kama mnakusudia kujipikia, elewaneni naye kwa heshima mapema badala ya kumshangaza siku ya kwanza. Hata mkijipikia, mwacheni awanunulie samaki, kwa kuwa anawajua wavuvi na saa za kurudi kwao. Taa zinazoelekea ufukoni zizimwe usiku, kwani kasa hutaga katika fukwe hizo, na vifaranga wao hufuata mwanga wakidhani ni bahari.

Kwenye hori lenyewe kuna daraja la mbao linaloning'inia kati ya mikoko na kuishia kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Ada mnayolipa pale haiendi bure: sehemu ya mapato ya daraja hilo hulipia karo za wanafunzi wa sekondari wanaotoka katika jamii zinazouzunguka msitu na hori, chini ya mpango wa shirika la A Rocha Kenya, lenye kituo chake Watamu. Naomba mlipe ada hiyo kwa moyo mkunjufu, kwa sababu mzazi ambaye mtoto wake anasomeshwa na mikoko ana sababu ya kutoikata. Jioni, kati ya Oktoba na Machi, kaeni mpaka jua lizame muwaone keremkerem wekundu wakija kulala katika mikoko kwa makundi.

Kuhusu safari, njia ya kawaida ni ndege hadi Nairobi, kisha ndege nyingine hadi Malindi, au treni hadi Mombasa, mwendo wa saa tano hivi, na gari kutoka pale. Kila mmoja wenu, watoto pia, awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo hiyo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Malaria ipo pwani kama ilivyo kwetu, basi mwulizeni daktari wenu juu ya kinga.

Swali

Yaya Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, naishi Ruashi. Nitafuatana na marafiki kwenda pwani, na nina fedha za kununua kifaa kimoja tu. Ninunue kamera au darubini? Na namba zilizoandikwa juu ya darubini zina maana gani?

Kijana wa Ruashi

Jibu

Mdogo wangu, nunua darubini. Kamera yenye lenzi ya kumfikia chamchanga aliye mita 100 mbali ina bei kubwa mno, na anayeanza na kamera mara nyingi husogea karibu sana na ndege ili apate picha.

Namba ya kwanza huonyesha mara ngapi kitu kinakuzwa, na ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Darubini ya 8x42 hukuza mara nane na kuingiza mwanga wa kutosha hata jioni. Inafaa msituni na ufukoni pia. Usishawishike na zile za sokoni zilizoandikwa kukuza mara 20 au 30 huku zikiwa ndogo kama kiganja, kwani mkono ukitetemeka kidogo huoni chochote, na picha yake ni ya giza. Kwa ndege walio mbali kabisa hutumika darubini kubwa ya miguu mitatu, lakini hiyo waongozaji wa Mida huwa nayo mara nyingi, na watakuruhusu kutazama.

Pwani, adui wa darubini ni chumvi. Usiifute lenzi ikiwa kavu, kwa sababu chembe za chumvi na mchanga zitaikwaruza. Pangusa kwanza kwa kitambaa laini kilicholowanishwa maji matamu, kisha kikavu. Na ujifunze umbali: ndege wakiacha kula na kuinua vichwa wote kwa pamoja, umekwisha kusogea kupita kiasi, rudi nyuma. Ndege anayejiandaa kuruka hadi Asia anajaza mafuta mwilini kila saa ya maji kupwa, na kila akirushwa anatumia alichokiweka.

Swali

Ndugu Mhariri, mimi ni mzee mstaafu wa migodi, Likasi. Kwa nini twende Kenya ilhali Kongo ina bahari yake Muanda? Na kama Muanda ni mbali, je, Tanzania haifai, maana malori yetu huenda Dar es Salaam kila siku?

Papa wa Likasi

Jibu

Papa, swali lako ni la haki. Tunayo pwani, takriban kilomita 40 za Bahari ya Atlantiki, na tangu mwaka 1992 mikoko iliyo kwenye mlango wa mto Kongo imekuwa hifadhi. Anayekaa Kinshasa na aende huko kwanza. Lakini kwa mtu wa Likasi au Lubumbashi, Muanda ina maana ya kuvuka nchi nzima hadi Kinshasa na kisha kushika barabara ndefu ya Matadi na Boma. Tena mla-kaa niliyemtaja ni ndege wa Bahari ya Hindi, hutamwona kule.

Tanzania inafaa sana, hasa kwa anayesafiri kwa barabara kupitia Kasumbalesa, Zambia na Tunduma, ingawa ni safari ya siku kadhaa ambayo sikushauri kuifanya bila kupumzika njiani. Kutoka Dar es Salaam, Bagamoyo iko karibu, ina mikoko, mabwawa ya chumvi yenye ndege wa matopeni, na nyumba za wageni za bei ya wastani. Mwenye nguvu na muda aende Tanga, alale karibu na bahari siku chache na kupanda Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Na ikiwa moyo wako unataka ndege wasiopatikana penginepo, vuka hadi kisiwa cha Pemba: kina aina nne za ndege wake pekee, yaani bundi, njiwa wa kijani, chozi (ndege mdogo anyonyaye maua) na mmoja mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Msitu wa Ngezi, kaskazini mwa kisiwa, ndio mahali pa kuanzia, na bundi huyo husikika huko mara giza linapoingia. Omba mwenyeji wa nyumba akutafutie mtu wa kukusindikiza na kukurudisha usiku, na umlipe safari zote mbili.